Ukumbi Usiofukiza Udi

Kabla hamjagusa taa, kabla hamjazungusha mashine ya cheche, sikilizeni moja: ndani ya ukumbi ule hapafukizwi udi. Aje waziri, aje bwana harusi, aje mama yangu akifufuka, halwa mpeni, kahawa mpeni, marashi mmwagieni mpaka arowe, lakini udi, la. Mgeni akiuliza, semeni Bi Zuwena ana pumu. Miye sina pumu, nna mapafu ya mpiga zumari, lakini uwongo huo ushazeeka pamoja nasi na haujamdhuru mtu.

Ilham, aliyekalia kiti changu sasa, kaniomba niwaandikieni mwongozo wa kazi. Nikamwambia, mwanangu, mwongozo wa kazi hii ni kurasa mbili, na zote mbili zinasema "kausheni kioo". Yaliyobaki ni watu. Na watu wana adabu zao, na ni adabu iliyokaribia kututoa ukumbini kwetu Ruwi, hapa Maskati, tukiwa tunapunga mkono na kusema karibuni tena.

Basi tuanze na kazi yenyewe, maana nnawaona mnavyokuja na simu zenu, mnadhani mambo haya yameanza jana.

Aliyeyaanzisha hapa kwetu ni Maalim Khalfan. Alikuwa mwalimu wa fizikia, kasoma Uingereza, na huko akakutana na habari za Waingereza wa enzi za Viktoria. Watu wale, ikifika jioni, walikuwa wakivaa hariri zao wakakusanyika katika kumbi kubwa zenye maua na chai. Mezani pamepangwa hadubini, mashine za cheche, taa za kutupia picha ukutani, na wenye elimu wamesimama nyuma ya meza wanaonyesha. Hapa mguu wa kiroboto umekuzwa mpaka unatisha, pale sumaku inanyanyua misumari. "Na wengi wao hawakuja kwa ajili ya kiroboto," Maalim akisema. "Walikuja kutazamana. Sayansi ilikuwa udhuru." Kisha akicheka peke yake, akipiga goti. "Nikasema, ala! Hii si majlis, baraza letu la wageni? Hawa wametuchukulia majlis yetu wakaitia umeme. Basi na miye ntairudisha Maskati, na umeme wake."

Akairudisha. Tajiri mmoja aliyempenda Maalim akampa ukumbi Ruwi autumie, kwa neno la mdomo, kama walivyokuwa watu wa zamani. Kila majira ya baridi, jioni za Alkhamisi, watu wakaja. Miye wakati huo nilikuwa nasomesha sayansi skuli ya wasichana, na mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu shangazi yangu alikuwa akimtafutia mwanawe mke. Kasikia kwamba huko wasichana waliosoma hupita meza hadi meza, unaweza kuwatazama kwa raha zako na hapana anayekuuliza. Shangazi akapata mkwe kwenye meza ya hadubini. Miye nikapata kazi. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaniuliza, "Unaacha skuli ukazungushe gurudumu?" Nikamwambia, "Skuli nnasema mchana kutwa hapana anayesikia. Kule nikinyamaza tu wanapiga kelele za furaha."

Haya, kioo. Mashine ile ya magurudumu mawili ya kioo yanayopishana, adui yake ni unyevu. Na Maskati mnaijua. Kuna siku za joto unafungua mlango miwani inaingia ukungu, unabaki umesimama kizingitini unapapasa ukuta. Siku kama hizo mashine inanuna. Zungusha mpaka bega litoke, hupati cheche hata ya kumshtua panya. Ndiyo maana tunangoja baridi. Na hata hiyo baridi isiwadanganye: kiyoyozi kiwashwe tangu adhuhuri, madirisha yafungwe, kioo kipanguswe kwa kitambaa kilichopashwa moto, halafu mpitishe mashine ya kukaushia nywele. Ile nyekundu iliyo kabati la chini ni yangu, nimewaachia, lakini asiichukue mtu nyumbani kwake.

Kahawa ipikwe uani. Hili nalo tumelijua kwa aibu. Siku moja Maalim aliona wageni wa mbele wanachelewa kuhudumiwa, akaleta jiko na dele lake la kahawa akaliweka kando ya mashine, likatokota hapo hapo. Mvuke ukapanda juu ya kioo. Nikazungusha, nikazungusha, kimya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa upole kabisa, "Labda umeme umekatika mtaani." Maalim akamjibu kwamba inawezekana.

Tena watu wanapumua. Ukumbi ukijaa, pumzi zao peke yake zinatosha kuilowesha mashine. Kwa hiyo cheche ziwe mwanzo, mwanga uwe mwisho. Msije mkageuza mpango huo kwa sababu mgeni mkubwa kachelewa.

Baina ya cheche na mwanga kuna mnyororo wa mikono. Mnaujua: watu wanashikana, wa mwanzo anagusa mtungi wa umeme, ule unaoweka akiba ya cheche, upande huu, wa mwisho upande ule, na wote wanaruka pamoja kama waliokanyaga kaa la moto. Kule kwa Waingereza mabibi na mabwana walikuwa wakishikana mikono hivyo hivyo, na Maalim akisema nusu yao walikuja kwa ajili hiyo tu. Sasa huku kwetu nani amshike nani? Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na pale katikati mnyororo unakatika. Maalim akawa anasimama jukwaani anaita, "Wapo hapa kaka na dada? Mama na mwanawe?" Wakapatikana, tukaunga. Jioni moja hawakupatikana. Mama mmoja akakimbilia uani akaja na upawa, akasema wao washike mpini na hawa washike kichwa. Tukajipanga, nikaachia umeme, hapana aliyetikisika. Upawa ule ulikuwa wa kifuu na mpini wa mti! Maalim akafurahi kuliko siku zote, akasomesha habari za mti na chuma mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Siku hizi kuna kijiko kikubwa cha chuma, kimetundikwa nyuma ya mlango.

Nnacheka nnapoandika haya. Lakini nisiwapitishe mbali na jambo lenyewe.

Mwanga ndio roho ya jioni zetu. Tangi la kioo limejaa maji, lina tundu upande mmoja, na nyuma yake taa kali. Kwanza, tundu likiwa limezibwa, unawaonyesha watu kwamba mwanga unakwenda sawasawa, haujui kona. Lakini mwanga wenyewe hauonekani hewani mpaka ugonge kitu, kwa hiyo unarusha poda kidogo, poda hii ya watoto, na mwale unatokea gizani umenyooka kama uzi wa fundi wa kuta. Watu wakishaamini hilo, ndipo unazibua tundu. Maji yanaruka yanapinda kwenda chini, na mwanga, ule ule usiojua kona, unapinda nayo. Unafuata maji mpaka beseni. Na hiyo intaneti mnayoikodolea macho mpaka alfajiri inapita ndani ya nyuzi za kioo kwa njia hiyo hiyo, chini ya bahari. Msisahau kuwaambia wageni. Vijana hapo ndipo wanapoinua vichwa.

Sasa. Tajiri aliyetupa ukumbi akafariki, na ukumbi ukaingia mikononi mwa mwanawe, Bwana Mundhir. Hakuwa mtu mbaya. Nnalisema mapema kwa sababu mtu akitaka kukutoa mahala ni rahisi kumfanya shetani. Alikuwa mfanyabiashara wa fanicha, na kila alipoutazama ukumbi wetu aliona masofa. Neno la mdomo la baba yake alilisikia, na kwa heshima yake akasema hivi: atakuja jioni moja atazame, akiona kuna maana atatuachia, asipoiona ataleta mafundi baada ya Idi.

Maalim Khalfan hakuwa na mtoto, na mkewe alikuwa kashatangulia. Siku aliyoletewa habari ile alivua kofia yake akawa anaizungusha mkononi. "Zuwena," akanambia, "wakiuchukua, miye jioni ntakwenda wapi?" Nikaenda kupangusa kioo, ambacho kilikuwa kikavu.

Jioni ya Bwana Mundhir tuliifanyia kazi kama harusi. Mazulia yalipigwa, halwa ikatoka kwa fundi wa Barka, kioo kikakaushwa mpaka kikalia. Akaja na joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, akaketi mbele, na jamaa zake wakajaza safu mbili. Cheche zikatoka nzuri mno. Mnyororo ukaruka wote. Bwana Mundhir alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani akisoma mashairi. Nikajua bado hatujampata, na kwamba tutampata kwenye mwanga.

Hapo Maalim akanivuta kando. "Poda hapana," akanambia. "Bwana mkubwa kama yule tumrushie poda kama kichanga aliyetoka kuogeshwa? Leo nnafukiza udi. Nimenunua mzuri. Moshi mmoja, kazi mbili: mwale utaonekana na ukumbi utanukia." Nikaona fikra nzuri, wallahi. Watu tuliokulia ndani ya moshi wa udi, na hapana hata mmoja wetu aliyefikiri udi ni nini.

Ilham ananambia baadhi yenu mmekulia kwenye mafleti, udi wenu ni wa kuchomeka ukutani, hamjui mambo haya. Basi jueni. Kwa watu wa huku, mgeni hupewa tende, halwa, matunda, kahawa, na mwisho wa yote chetezo, chombo cha makaa na udi. Chetezo kikishapita, mgeni anajifukiza, anashukuru, anainuka. Baada ya udi hakuna kukaa. Anayebaki ameketi baada ya udi ama ni mgonjwa ama hakulelewa.

Maalim akatoka uani na chetezo kinafuka. Kutoka mlango wa uani mpaka kwenye tangi njia ni moja tu, na inapita mbele ya safu ya kwanza. Sasa niambieni, nyinyi wana wa watu: utapitaje na chetezo mbele ya mgeni mkubwa usimpe? Ni sawa na kumpitishia sinia la halwa ukaenda kulifungia kabatini. Maalim alifika mbele ya Bwana Mundhir, miguu yake ikasimama yenyewe. Akainama. Bwana Mundhir akatia moshi kwenye ndevu, akatia kilemba, akafunua joho akatia ndani, kisha akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishieni kheri." Akainuka. Safu ya kwanza ikainuka. Ya pili ikainuka. Ukumbi mzima ukainuka.

Miye niko nyuma ya tangi, kidole kwenye swichi, nnatazama migongo inatoka.

Na Maalim je? Maalim akawasindikiza! Kashika chetezo kwa mkono mmoja, mwengine kifuani, anawaaga mlangoni mmoja mmoja, anauliza hali za watoto. Bwana Mundhir akamwambia, "Mashaallah, Maalim. Mambo mazuri. Mafupi, lakini mazuri." Na Maalim, Mungu amrehemu, akamjibu, "Ahsante sana. Karibu tena."

Nikamkimbilia. "Maalim, waite! Waambie warudi!"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Nimwambie nini, Zuwena? Kwamba udi niliompa haukuwa wa kumpa?"

Tukarudi ndani tukaketi, sisi wawili, na viti vitupu, na ukumbi unanukia vizuri ajabu. Usiku ule tuligeuza kila neno. Ukimwambia mtu kaondoka kabla ya wakati, umemwambia hana adabu. Ukimwambia ni sisi tuliokosea, umemvua heshima uliyomvika mwenyewe. Hapakuwa na pa kupita. Baada ya siku chache habari ikaja: Bwana Mundhir ameona, ameshukuru, na mafundi watakuja baada ya Idi.

Basi tukawatangazia watu jioni ya mwisho. Wakaja wengi kuliko siku zote, maana mnatujua, mazishini hatukosi. Na wakati watu wanaketi, nani anaingia? Bwana Mundhir, futi ya kupimia mkononi. "Msisumbuke," anasema, "nimekuja kupima ukuta tu. Siketi."

"Utafikaje ndani usiketi?" Maalim akamjibu. "Utatutia aibu mbele ya watu." Na Bwana Mundhir, mtoto wa watu, akaketi.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nikasema moyoni, ala, kumbe adabu inayofungua mlango ndiyo hiyo hiyo inayoufunga. Nikamvuta Maalim kwa kanzu. "Mpe kila kitu. Tende, halwa, ndizi, machungwa, kahawa. Akitaka udi, mwambie makaa hayajashika."

"Lakini Zuwena, hapana makaa yaliyowashwa."

"Ndiyo maana hayajashika."

Maalim hakupata kusema uwongo maishani mwake, kwa hivyo hakuusema vizuri. Bwana Mundhir alikula, akanywa, akatikisa finjani yake kuonyesha imetosha, akanawa. Kisha akangoja. Akatazama mlango wa uani. Akasema, "Basi, nipeni rukhsa."

"Bila ya udi?" Maalim akapaza sauti kama mtu anayeita punda. "Makaa! Makaa hayajashika!"

Akaketi tena. Nikazungusha mashine. Cheche zikatoka. Akauliza, "Makaa vipi?" Maalim akamwambia yalikuwa mabichi. Mnyororo ukaundwa, na kwa kuwa alikuwa ameketi mbele na watu wote wanamtazama, akalazimika kushika kijiko cha chuma na upande wa pili ukashikwa na bibi mmoja wa Matrah. Wakaruka wote wawili. Bibi yule akacheka mpaka akaketi chini, na Bwana Mundhir naye akacheka, kicheko kile kisichochaguliwa na mwenyewe. Lakini akakumbuka futi yake, akajikaza, akauliza tena habari ya makaa.

Nikazima taa.

Nikarusha poda. Kwa haraka yangu nikarusha nyingi mno, nusu ikaangukia joho jeusi la mgeni. Akapiga chafya gizani, "Alhamdulillahi," na ukumbi mzima ukamjibu kwa sauti moja, "Yarhamukallah." Mwale ukatokea, umenyooka. Nikamwambia, "Tazama, Bwana Mundhir, mwanga haujui kona." Kisha nikazibua tundu.

Yale maji yaliyopinda na mwanga ndani yake, nyinyi mmeshayazoea. Yeye hakuwa ameyaona hata mara moja. Akainuka, nikaogopa anaondoka, lakini alisogea mbele akatia kiganja chake kwenye maji. Mwanga ukajaa kiganjani, ukamwagika baina ya vidole. Mtu yule alikuwa hanyamazi, kazi yake kusema bei, na sasa yuko kimya na mkono wa joho umerowa mpaka kwenye kiwiko.

"Ziba," akanambia. Nikaziba. "Fungua." Nikafungua. "Tena."

Akasema baadaye, sauti yake ndogo, "Shamba letu la Qurayyat lina falaj, mfereji wa maji wa zamani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia pembeni yake, maji yakipinda na miye napinda. Baba ananiita kwa nyuma." Kisha akauliza, "Baba alikuwa akija hapa?"

"Kila baridi," Maalim akamjibu. "Kiti hicho hicho ulichokikalia. Cheche alikuwa akisema ni kelele. Alikuwa akingoja maji."

Watu wakasikia wote. Wengine wetu tulilia, na miye nilikuwa mmoja wao, na sioni haya. Taa zikawashwa. Bwana Mundhir akapangusa mkono kwa joho lake lenye poda, akaketi, akamtazama Maalim, akanitazama miye muda mrefu zaidi.

"Na makaa?" akauliza.

Maalim akafungua mdomo. Nikamfinya. "Bado, bwana," nikasema miye.

"Bi Zuwena, makaa hayo yangekuwa makaa, saa hizi yangekuwa majivu."

Akaikunja futi yake pole pole, akaitia mfukoni. "Basi yasishike," akasema. "Mgeni asiyepewa udi hajaondoka. Miye bado mgeni wenu, na mgeni hamtoi mwenyeji wake. Siku mtakayonipa udi, nipeni na ufunguo wa ukumbi." Akainuka, akachukua bakora yake. "Nnatoka nje kidogo," akasema, akaenda zake nyumbani kwake kulala.

Mafundi hawakuja. Masofa yakaenda kuuzwa kwengine. Kila majira ya baridi Bwana Mundhir akawa anaingia, anasalimu, anasema, "Nilikuwa nje kidogo," anaketi kiti kile. Hapana karatasi iliyoandikwa. Ukumbi wote ule, na tangi, na mashine, vimesimama juu ya chetezo ambacho hakikuwashwa. Maalim Khalfan alifariki akiwa bado ana pa kwenda jioni, na hilo miye linanitosha.

Sasa limebaki langu. Nilistaafu, mnajua. Mlinifanyia karamu, mkanipa saa. Wiki ya pili nikarudi kuangalia kama kioo kimekaushwa. Wiki ya tatu nikarudi kuchukua mwavuli ambao sikuuacha. Nikawa nasimama nyuma ya Ilham, "siyo hivyo, mwanangu, hivi," mpaka yule mtoto, mwenye adabu zake, akawa hagusi swichi kabla hajanitazama. Mkanifanyia karamu ya pili. Nikala, nikashukuru, nikarudi. Hapana aliyethubutu kunambia kitu. Nyinyi nanyi mmelelewa vizuri mno, ndiyo tabu yenu.

Jioni yangu ya mwisho Ilham aliniketisha safu ya mbele kwa nguvu. "Leo tazama tu, Bi Zuwena. Nakuomba." Na kweli nilikuwa nautaka. Mwanga ule nimeuona maisha yangu yote kutoka nyuma ya tangi, nyuma ya taa, sijapata kuuona kama unavyoonekana na mgeni. Cheche zikapita, mnyororo ukapita. Nikasikia harufu kabla sijageuka.

Bwana Mundhir alikuwa anaingia, kazeeka, bakora mkono mmoja, na mkono mwengine chetezo alichotoka nacho kwake, kinafuka. Nikasema, leo ndiyo leo, kaja kuuchukua. Nikamtazama Ilham, kajishika mdomo. Mzee akaja hatua kwa hatua, akazipita safu za nyuma hakumpa mtu, akawapita wakubwa wa mbele hakuwapa, akaja akasimama mbele yangu.

"Bi Zuwena," akasema, "weye ulininyima udi usiku kucha. Miye sikunyimi."

"Na ukumbi?" nikamuuliza.

"Miye sijapewa. Bado mgeni." Akakisogeza chetezo. "Huu ni wako peke yako. Hawa wengine bado wana kitu cha kutazama."

Ningefanya nini? Nikafunua mtandio nikatia moshi, nikatia mikono ya buibui. Machozi yananitoka, na nilikuwa na hasira naye, na nilitaka kucheka, vyote kwa mpigo mmoja. Nikainuka. Nikajaribu bahati yangu. "Basi," nikamwambia, "nnatoka nje kidogo."

Akatikisa kichwa. "La, bibi. Weye umepewa udi."

Nikatoka. Pale mlangoni, nnatafuta viatu vyangu, taa zikazimwa ndani. Mlango haukufungwa vizuri. Nikachungulia, nikauona mwale umenyooka ndani ya moshi wa udi wangu, bila ya punje moja ya poda, kama Maalim alivyotaka. Maji nilikuwa siyaoni, yamezibwa na vichwa vya watu. Nikasikia Ilham akisema, "Mwanga haujui kona," na hakukosea neno. Halafu nikawasikia wote kwa pamoja, "Aaaa!"

Nilishika kitasa. Nilikishika, nakwambieni kweli. Kisha nikavaa viatu nikarudi nyumbani kwangu Darsait, na buibui langu lilinukia mpaka asubuhi.